Kubadili shekeli, beka na talanta kuwa wakia za troi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Fungua Biblia mbili tatu kwenye kurasa za nyuma, pale penye jedwali la vipimo na uzani, utaona shekeli hiyo hiyo ikipewa uzito tofauti. Hapa gramu 11, pale 11.4, kwingine 11.5, na vitabu vya zamani vya Ulaya vinafika hata 16. Anayehubiri habari za Abrahamu na Efroni hilo halimsumbui sana. Lakini mtu anayetaka kuilinganisha dhahabu ya hema ya kukutania na dhahabu inayouzwa leo, au sonara anayeulizwa bangili za Rebeka zilikuwa na uzito gani, hawezi kuokota namba yoyote aliyoikuta. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, pamoja na wanafunzi wa maabara za madini wanaotaka kujua vipimo vyao vinakutana wapi na vile vya kale.

Kabla ya kushika kikokotoo, tenganisha maswali matatu. La kwanza ni la uwiano: gera (uzito mdogo kuliko yote) ngapi hufanya shekeli, shekeli ngapi hufanya talanta (uzito mkubwa kuliko yote)? Jibu lake limo katika maandishi. La pili ni la uzito: shekeli moja ni gramu ngapi? Hilo hujibiwa na mawe ya mizani yaliyofukuliwa. La tatu ni la usafi: katika uzito huo, dhahabu au fedha halisi ni kiasi gani? Jibu hutoka kwenye tanuri au mashine ya maabara. Makosa karibu yote katika hesabu hizi huanza pale mtu anapoyajibu maswali mawili kwa pumzi moja.

Hatua ya 1: Jua shekeli yako ni ya zama zipi

Kwa sehemu kubwa ya Agano la Kale shekeli si sarafu. Ni uzito. Abrahamu alimpimia Efroni fedha shekeli 400, na neno lenyewe ni kupima, maana fedha ilikuwa vipande, pete zilizokatwa na mabaki ya vyombo, vikiwekwa upande mmoja wa mizani na mawe upande wa pili. Sarafu ziliingia katika nchi ile baadaye, enzi za Waajemi.

Kwa hiyo angalia andiko lako ni la wakati gani:

Yuda ya wafalme, kabla Yerusalemu haijaanguka mwaka 586 KK: shekeli ya gramu 11.33. Hii ndiyo utakayoitumia mara nyingi zaidi, na ndiyo tutakayoshughulika nayo hapa.

Babeli: shekeli nyepesi, karibu gramu 8.4, na shekeli 60 kwa mina moja (mina ni uzito ulio kati ya shekeli na talanta).

Tiro, kuanzia mwaka 126 KK hadi miaka ya mwanzo ya vita vya Wayahudi na Warumi: sarafu ya fedha ya karibu gramu 14. Hii ndiyo iliyokubaliwa kulipia kodi ya hekalu katika siku za Injili, nusu shekeli kwa kila mwanamume. Sarafu aliyoikuta Petro kinywani mwa samaki ilitosha watu wawili, basi ni shekeli nzima ya namna hii.

Ukiichukua gramu 11.33 na kuipeleka kwenye Injili ya Mathayo umepunguza karibu moja ya tano ya fedha. Ukiichukua 14 na kuirudisha kwa Yeremia, aliyenunua shamba kwa fedha, umemwongezea fedha ambayo hakuitoa.

Hatua ya 2: Geuza kila kitu kuwa shekeli kwanza

Usibadili talanta kuwa kilo, kisha shekeli kuwa gramu, kisha ujumlishe. Leta vyote kwenye shekeli, maliza hesabu humo humo, ndipo ubadili mara moja tu.

Kutoka 30:13 inasema shekeli ni gera 20. Nusu shekeli ni beka. Talanta ina shekeli ngapi hakuna mstari unaotamka waziwazi, lakini Kutoka 38 imetuachia hesabu inayothibitisha bila shaka. Wanaume 603,550 walihesabiwa, kila mmoja akatoa beka. Nusu ya 603,550 ni shekeli 301,775. Andiko linasema jumla ya fedha hiyo ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Toa 1,775, zinabaki 300,000, gawa kwa talanta 100: talanta moja ni shekeli 3,000. Napenda sana mahali hapa, kwa sababu ni kitabu cha mapato kilichofungwa vizuri. Mhasibu yeyote angekipitisha.

Mina ndiyo yenye mgogoro. Talanta ya mina 60 inaifanya mina kuwa shekeli 50. Ezekieli 45:12, katika Kiebrania, inajumlisha 20 na 25 na 15, yaani 60, wakati tafsiri ya kale ya Kigiriki ina 50. Zote mbili zinaweza kuingia katika talanta ile ile ya shekeli 3,000: mina 60 za shekeli 50, au mina 50 za shekeli 60. Ushauri wangu: kwa maandiko ya Yuda tumia 50, kwa Ezekieli tumia 60 kama alivyosema mwenyewe, na siku zote andika pembeni umetumia ipi.

Yapo pia mawe yenye majina mengine. Pimu linatajwa mara moja tu, 1 Samweli 13:21, pale Waisraeli walipokuwa wakishuka kwa Wafilisti kunoa majembe yao. Watafsiri wa zamani hawakujua kwamba ni uzito, na baadhi yao walikisia kuwa ni tupa. Mawe yenye jina hilo yalipofukuliwa ndipo ikajulikana kwamba mstari unataja bei ya kunoa. Nesefu, la karibu gramu 9.8, halimo kabisa katika Biblia. Limo katika udongo tu.

Hatua ya 3: Chagua gramu, na ujue zimetoka wapi

Gramu 11.33 haikutoka kwenye maandishi. Ilitoka kwenye mamia ya mawe madogo ya chokaa, yenye kichwa cha mviringo kama kuba na chini bapa, yaliyookotwa Yerusalemu, Lakishi, Aradi na miji mingine ya Yuda, mengi ya karne ya 8 na ya 7 KK. Juu yake kuna alama ya shekeli, yenye umbo la kitanzi, na tarakimu. Mwanaakiolojia Raz Kletter aliyachambua kwa pamoja na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Wastani wake wa gramu 11.33 ndio wataalamu wengi wanaoufuata leo.

Tarakimu zile nusura ziwapotoshe wachunguzi. Jiwe la uzito wa shekeli 4 limeandikwa 5, la shekeli 8 limeandikwa 10, la 16 limeandikwa 20. Tarakimu ni za mwandiko wa Kimisri, na maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu biashara: shekeli 8 ni gramu 90.6, na hiyo ni karibu sawa na debeni moja, uzito wa Misri, ambayo nayo iligawanyika katika sehemu 10. Mfanyabiashara wa Yerusalemu aliweza kuuziana na Mmisri bila kubadili mawe.

Gera inahitaji uangalifu. Maandishi yanasema 20 kwa shekeli, hivyo gera ni gramu 0.567. Lakini vijiwe vidogo vya gera vilivyopatikana vinaelekea uzito mdogo zaidi, na Kletter anaona kwamba sokoni shekeli iligawanywa katika gera 24, kila moja karibu gramu 0.47. Ukifafanua mstari wa Kutoka au Ezekieli, tumia 20. Ukiwa na jiwe lenyewe mkononi, liweke kwenye mizani na usilazimishe maandishi.

Hata beka na pimu haziingii barabara katika hesabu. Nusu ya 11.33 ni 5.67, lakini mawe ya beka huelekea gramu 6. Mwaka 2018 lilitangazwa jiwe moja la beka lililopatikana katika udongo uliotolewa chini ya Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, na herufi zake zimechongwa kinyumenyume, kama za muhuri. Yaelekea fundi alikuwa mchonga mihuri na mkono wake ukafuata mazoea. Pimu, ambalo watu hulihesabu kama theluthi mbili za shekeli, lingekuwa 7.55; mawe yanasema karibu 7.8. Kwa jiwe, shika jiwe. Kwa andiko, shika uwiano wa andiko.

Hatua ya 4: Kutoka gramu hadi vipimo vya troi

Dhahabu na fedha duniani zinatajwa kwa wakia ya troi, ambayo wengi wetu huiita aunsi tu. Namba hizi ni kamili, ziandike mahali:

Greni 1 = gramu 0.06479891
Peniweti 1 = greni 24 = gramu 1.55517384
Wakia 1 ya troi = peniweti 20 = greni 480 = gramu 31.1034768
Tola 1 = greni 180 = gramu 11.6638038

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa. Biblia nyingi za Kiingereza, na tafsiri za maelezo yake, husema shekeli ni mbili ya tano za aunsi. Ni kweli, lakini aunsi hiyo ni ya dukani, ya kupimia siagi, gramu 28.35. Kwa wakia ya troi shekeli ni 0.364 tu. Mtu akichukua ile 0.4 na kuizidisha kwa bei ya dhahabu ya siku, ambayo ni bei ya wakia ya troi, ameiongeza thamani kwa karibu asilimia 10. Nimekuta mahubiri na makala nyingi zilizojengwa juu ya kosa hili moja.

Kwa shekeli ya Yuda ya gramu 11.33 utapata:

Gera (ya 20): gramu 0.567, greni 8.74
Beka kwa hesabu: gramu 5.67, peniweti 3.64, wakia 0.182
Pimu kwa mawe: gramu 7.8, peniweti 5.0, wakia 0.25
Shekeli: gramu 11.33, greni 174.85, peniweti 7.285, wakia 0.3643, tola 0.971
Mina ya 50: gramu 566.5, wakia 18.2
Mina ya 60: gramu 679.8; wakia 21.9
Talanta: kilo 33.99, wakia 1,093

Njia ya mkato ya kichwani: shekeli 11 ni wakia 4. Tofauti yake ni sehemu mbili kwa elfu, ndogo kuliko tofauti ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo gawa shekeli kwa 11, zidisha kwa 4. Anayefanya kazi kwa peniweti akumbuke kwamba shekeli 7 ni peniweti 51, karibu sawasawa kabisa. Na pimu ni robo wakia.

Kwa masonara wa Unguja, Mombasa, Maskati na Dubai ipo njia rahisi kuliko zote. Tola, iliyokuwa uzito wa rupia ya fedha iliyotumika pwani yetu miaka mingi, inapishana na shekeli kwa asilimia tatu tu. Shekeli ndiyo nyepesi. Bangili za Rebeka, za shekeli 10, ni tola 9.7. Anayejua mkononi uzito wa mkuo wa tola kumi wa Dubai anajua tayari bangili hizo zilivyokuwa nzito.

Talanta nayo ina mwenzake wa leo. Soko la London hupokea mikuo ya fedha ya kati ya wakia 750 na 1,100. Talanta ya fedha, wakia 1,093, ingepita, ikiwa tu ni safi vya kutosha. Na hapo ndipo tunapohitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Toa kisicho dhahabu wala fedha

Hadi sasa umepata uzito wa jumla. Bei ya soko ni ya metali safi. Wapima madini huandika usafi kwa sehemu kwa elfu: 999, 925, 916. Masonara huandika kwa karati, sehemu za 24. Kanuni ni moja: uzito wa jumla zidisha kwa usafi, gawa kwa 1,000.

Watu wa kale walilijua jambo hili vizuri mno. Mithali 17:3 inataja kalibu kwa fedha na tanuru kwa dhahabu. Yeremia 6:29 inaeleza mivukuto ikivuma, risasi ikiteketea motoni, na bado uchafu haukutoka. Kisha mstari unaofuata unaiita fedha hiyo takataka. Hayo ni maelezo ya kazi halisi. Fedha huyeyushwa pamoja na risasi, hewa hupulizwa, risasi hugeuka oksidi na kuchukua shaba na uchafu mwingine, mwisho hubaki kidonge cha fedha na dhahabu. Maabara ya leo inayopima kwa moto hufanya jambo lile lile katika kikombe kidogo cha majivu ya mifupa au magnesia, ambacho huinyonya risasi na kuiacha metali ya thamani juu. Nabii aliijua kazi hiyo kiasi cha kujua hata inavyoshindikana.

Tatizo ni kwamba andiko halisemi usafi. Usiseme 999 kwa mazoea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu hazina za fedha za nchi ile ulionyesha kwamba kati ya takriban mwaka 1200 na 950 KK fedha ilikuwa adimu na watu waliichanganya na shaba, wakitia arseniki ili rangi isibadilike; katika hazina ya Beth Shean vimo vipande ambavyo zaidi ya nusu yake si fedha. Baadaye biashara ya Wafoinike ilipoleta fedha kutoka mbali, usafi ulipanda tena. Basi fedha ya zama za waamuzi na fedha ya zama za Yeremia si kitu kimoja, hata zikiwa na uzito mmoja.

Kwa dhahabu, kumbuka kwamba dhahabu inayotoka ardhini karibu kila mara ina fedha ndani yake, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 30. Mchimbaji yeyote wa Geita au Chunya anajua hivyo, kwa sababu bei anayolipwa huanzia hapo.

Nenda hivi: kama kitu chenyewe kipo, tumia kipimo cha maabara, makumbusho hutumia mashine ya eksirei isiyoharibu kitu, ingawa inasoma zaidi juu ya uso. Kama kitu hakipo, andika majibu mawili: uzito wa jumla, na uzito safi kwa usafi ulioukadiria, ukiutaja. Sarafu ya Tiro kwa mfano ilikuwa fedha nzuri. Ukichukua gramu 14 na usafi wa 950 unapata gramu 13.3 safi, wakia 0.428. Thelathini za namna hiyo, idadi aliyolipwa Yuda Iskariote, ni wakia 12.8.

Gera inakuwa chombo kizuri hapa. Shekeli yenye gera moja ya shaba, kwa hesabu ya gera 20, ina usafi wa 950. Kwa hesabu ya gera 24 ni karati 23 kamili. Fedha ya 925 ni gera 18 na nusu katika 20. Huhitaji kujua gramu za shekeli hata kidogo, kwa sababu uwiano haujali jiwe.

Hatua ya 6: Tani ya upimaji, na uwiano wa mawe ya dhahabu

Maabara zinazofuata mtindo wa Marekani hutumia tani ya upimaji, gramu 29.1667. Siri yake ni rahisi: tani fupi ya ratili 2,000 ina wakia za troi 29,166.67. Ukipima unga wa jiwe la madini gramu 29.1667, kila miligramu ya dhahabu itakayobaki kwenye kikombe ni wakia moja kwa tani fupi. Hakuna kuzidisha wala kugawa. Tani ndefu ya ratili 2,240 ina ya kwake, gramu 32.6667. Tanzania na Kenya, kama sehemu nyingi, ripoti huja kwa gramu kwa tani ya kilo 1,000.

Shekeli moja ni tani ya upimaji 0.388, tani ya upimaji ni shekeli 2.57. Sampuli yenye uzito wa shekeli moja ikitoa kidonge cha miligramu 2, gawa 2 kwa 11.33 kisha zidisha kwa 1,000: gramu 176.5 kwa tani. Kwa wakia kwa tani fupi, zidisha miligramu 2 kwa 2.574: wakia 5.15.

Sasa angalia talanta. Shekeli moja katika talanta ni sehemu moja ya 3,000, yaani gramu 333 kwa tani. Gera moja katika talanta, kwa gera 20, ni sehemu moja ya 60,000, yaani gramu 16.7 kwa tani, au wakia 0.486 kwa tani fupi. Hata leo hayo ni mawe mazuri sana. Migodi mingi inachimba yenye gramu chache tu kwa tani. Na tena, namba hizi hazibadiliki iwapo shekeli ni 11.33 au 11.4 au 14. Pale unapoweza kubaki kwenye uwiano, baki hapo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya kazi hii isiyo na makadirio.

Hatua ya 7: Andika jibu lisilozidi ushahidi wake

Kikokotoo kitakupa tarakimu tisa. Mawe hayakuahidi hivyo. Mawe ya shekeli yanapishana, mengine yamemomonyoka, mengine pengine yalichongwa hivyo kwa makusudi. Amosi 8:5 inawalaumu wafanyabiashara wanaoikuza shekeli, yaani wanaoipima fedha ya wateja wao kwa jiwe zito. Mimi huruhusu asilimia 3 juu na chini, na kuandika tarakimu tatu za maana, basi.

Dhahabu ya hema inaonyesha kwa nini. Kutoka 38:24 inataja talanta 29 na shekeli 730. Hiyo ni shekeli 87,730. Kwa 11.33 unapata kilo 994. Kwa 11.4, ile ya majedwali ya Biblia, unapata kilo 1,000 na gramu 122. Nimeona watu wakitangaza kwa furaha kwamba dhahabu ya hema ilikuwa tani moja kamili, kana kwamba tani ya Wafaransa ilikuwapo jangwani. Andika hivi: takriban kilo 990, wakia za troi kama 32,000, uzito wa jumla, usafi haujulikani.

Mifano miwili ya kufanyia mazoezi

Wa kwanza ni kigae kilichookotwa Tell Qasile, karibu na mto Yarkoni, mwaka 1946. Kimeandikwa kwa wino katika karne ya 8 KK hivi: dhahabu ya Ofiri, kwa Beth-horoni, shekeli 30. Ofiri ilikuwa wapi bado kunabishaniwa, na wapo Wazungu wa zamani waliodhani ni Sofala, bandari ile ile ambayo dhahabu yake ilipitia mikononi mwa Kilwa. Lakini kigae hiki kinatupa kitu adimu: aina ya metali, uzito na mahali, vyote kwa mkono wa karani wa wakati ule.

Zama: Yuda na Israeli ya wafalme, basi 11.33. Shekeli 30 ni gramu 340. Kwa mkato, 30 gawa kwa 11 zidisha kwa 4 ni wakia 10.9, kwa njia ndefu ni 10.93. Kwa peniweti, 219. Kwa tola, 29.1. Usafi hatuna, ukichukua 850 kama kadirio la dhahabu isiyotenganishwa na fedha yake, ni gramu 289 safi, wakia 9.29. Ukichukua 950 ni gramu 323, wakia 10.4. Ripoti yako iseme: uzito wa jumla wakia 10.9, safi kati ya 9.3 na 10.4 kwa usafi uliokadiriwa wa 850 hadi 950.

Wa pili ni Yeremia 32. Mwaka wa kumi wa Sedekia, Wababeli wameuzingira mji, nabii amefungwa, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Yeremia anampimia shekeli 17 za fedha katika mizani, anaandika hati mbili, moja yenye muhuri na moja iliyo wazi, na kuagiza zitiwe katika chombo cha udongo. Shekeli 17 ni gramu 193, wakia 6.19, peniweti 124. Fedha ya zama hizo kwa kawaida ni nzuri, kwa hiyo 950 si kadirio la kupita kiasi: gramu 183 safi, wakia 5.9. Zidisha wakia hizo kwa bei ya fedha ya siku unayosoma, na uandike tarehe pembeni. Usiseme tu kwamba hiyo ndiyo bei ya shamba kwa pesa za leo, maana fedha wakati ule ilinunua kazi na chakula kwa viwango vingine kabisa. Umepata bei ya metali, na metali tu.